Sahani Iliyorudi Imefunikwa

Simu ilinikuta barazani nachambua mchele, kazi ambayo macho yangu hayaiwezi tena lakini sipendi kuambiwa. Sauti ya mwanamke, nzito, haikuniita kwa jina la mwanangu kama wanavyoniita watu wote siku hizi. Iliuliza, "Wewe ndiye Zuhura mkaguzi?" Nimekuwa Mama Shabani, nimekuwa bibi, hapa mtaani wananiita hata hajati kwa heshima tu maana Maka sijafika. Mkaguzi hakuna aliyeniita kwa zaidi ya miaka arobaini. "Ni mimi Nkwimba," ile sauti ikasema. "Mama amefariki jana jioni. Tunazika kesho. Mjukuu wake mmoja anauza mchele hapo sokoni Shinyanga, ndiye aliyeulizia mpaka akapata namba yako." Nikasema innalillahi, nikasema poleni sana, nikauliza alikuwa anaumwa nini. "Uzee," akajibu, akakata. Mchele ulikuwa bado mapajani, na nilipoinama kuendelea niliona sichagui tena mawe, nachagua punje nyeupe naziweka upande wake na zile zenye rangi upande mwingine. Mkono una kumbukumbu yake. Nikaweka ungo chini, nikaingia ndani kutafuta kanga nyeusi.

Habari za nyumbani kwetu Kambarage, hapa Shinyanga, nani alitoka pwani na nani alioa wapi, naziacha, hazina kosa wala sifa katika jambo hili. Inatosha kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza mafunzo ya ukaguzi wa pamba, na nilipangiwa msimu mzima katika gulio la kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa ghala la chama cha msingi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, jiko la mkaa, na dirisha dogo lililotazama boma la jirani. Ukuta mmoja tu ulinitenga na pamba, na ghala likijaa, vumbi lake lilipenya kwenye nyufa likatua juu ya maji ya kunywa. Nilikuwa msichana wa mjini ninayejua Kisukuma cha kusalimia tu, na nikishasema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni, maneno yangu yameisha. Hata hivyo niliona fahari. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukagua pale, na mkaguzi aliyenitangulia alikuwa ameondolewa kwa kupendelea ndugu wa mke wake. Mwalimu wetu wa mafunzo, mzee mkavu asiyecheka, alitufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: "Mkaguzi hali kwa mkulima. Ukishakula ugali wake, umeshakagua pamba yake." Wenzangu walicheka. Mimi niliandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Kwa asiyejua pamba, kazi yenyewe ni hii. Mkulima akishavuna huianika kwenye kichanja, kisha familia inakaa kwenye mkeka kuichambua: nyeupe isiyo na doa huitwa safi, na iliyoliwa na wadudu au kunyeshewa ikapata rangi huitwa fifi. Huletwa gulioni imefungwa kwenye shuka. Mkaguzi anafungua, anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa iliyoko chini kabisa, maana juu kila mtu huweka nzuri, anaivuta nyuzi kwa vidole, anasema neno moja. Safi ina lundo lake na bei yake, fifi ina lundo lake na bei ya kusikitisha. Neno likishatoka, mkulima anaweza kuimwaga pale ilipoambiwa au kuirudisha nyumbani aichambue upya. Mwaka mzima wa mtu, kulima, kupalilia, kupiga dawa, kuvuna vidole vikichanika, unaishia kwenye neno la binti wa miaka ishirini aliyesimama kivulini. Siku za kwanza nilipenda uzito wake. Baadaye nikaona kwamba watu wananiamkia kwa heshima kubwa na kunyamaza ninapokaribia, na kwamba kila nikipita penye kicheko, kinakoma. Nilijipikia wali na dagaa, nikala nimekaa kitandani, mlango nimeufunga. Karani wa chama, ambaye kwao palikuwa karibu, alikuwa ananitania, "Mkaguzi, wewe unakula kama mtu aliyeficha mgonjwa ndani."

Boma lililoonekana dirishani lilikuwa la mama mmoja mjane, mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyeitwa Mama Nkwimba kwa jina la binti yake. Nkwimba alikuwa rika langu kabisa. Alikuwa na kaka pia, Masanja, lakini huyo nilimjua kwa kusikia tu. Alikuwa ameondoka mwaka uliopita kwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya watu binafsi na hakuwa ameleta salamu. Jioni ya tatu tangu nifike, mama yule alikuja mlangoni kwangu na sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ndani kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda wa karanga. "Kula, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Umekuja peke yako." Kiswahili chake kilikuwa kidogo kama Kisukuma changu, kwa hiyo hatukuwa na mahali pa kujieleza. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema wabeja, asante yao niliyokuwa nimejifunza jana yake, nikaiweka juu ya ndoo nikaitazama. Harufu ya karanga ilijaa chumba kizima. Asubuhi nilimrudishia ilivyo, imefunikwa. Aliinua kifuniko akaona, akakishusha. Jioni akaleta tena.

Nilikuwa na akili ya kujua kwamba namtukana. Hata mjini kwetu, mtu akikurudishia chakula bila kukigusa amekuambia maneno ambayo hayafutiki. Lakini ningemwambiaje? Nimwambie kwamba naogopa ugali wake ni hongo? Hilo lingekuwa tusi kubwa zaidi, nami sikuwa na Kiswahili chepesi wala Kisukuma chochote cha kulizungushia. Nikanyamaza, nikawa narudisha. Mama Nkwimba akafikiri akapata jibu lake mwenyewe. Siku moja saa za alasiri alikuja amefunga kitenge kipya, Nkwimba nyuma yake akiwa amebeba sufuria. Nkwimba ndiye aliyetafsiri, uso umekunjamana kwa aibu. "Mama anasema alisahau kwamba wewe ni Mwislamu. Anasema pole. Leo amempeleka kuku kwa yule Mwislamu mwenye duka kule senta, akamchinja yeye. Sufuria hili ni jipya, halijapikiwa kitu kingine." Kule senta ni mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na alikwenda kwa miguu, na kuku kwapani. Walisimama wakisubiri nifungue. Nilitaka kumkumbatia yule mama na kulia. Nikasema, "Mwambie mama wabeja sana, lakini sina njaa." Nkwimba hakutafsiri. Alinitazama muda mrefu, akageuka akaondoka, na tangu siku ile hakunisalimia tena. Mama yake aliliacha sufuria mlangoni. Kuku yule alikaa mpaka asubuhi, na niliporudisha nilikuwa sijalala.

Nimefikiri sana juu ya upweke wa aina ile. Kuna upweke wa kukosa watu, huo niliuonja baadaye nilipofiwa na mume, na una heshima yake. Ule wa gulioni ulikuwa wa kujitakia. Watu walikuwapo hatua thelathini kutoka kwangu, mlango wazi, nami nimejifungia na daftari lenye mstari. Jioni walipochambua pamba nilizima taa nikakaa dirishani kuwasikiliza. Walikaa sita au saba kwenye mkeka, majirani wanasaidiana, mikono inatembea bila kutazamwa, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikizunguka imechemshwa kwenye bakuli. Wakicheka nilicheka pia, bila kujua wamecheka nini. Jina la Masanja lilirudi kila siku, na nikajifunza kulisikia likija, maana kabla yake sauti ya mama ilikuwa inashuka. Mtu aliyetoka Geita akipita aliitwa, akaketishwa, akaulizwa. Wengi walijibu kwa Kiswahili, lugha ya machimboni, ndiyo nikaelewa. Mmoja alisema amemwona Masanja kabla ya masika, ana shimo na wenzake wawili, amekonda, bado hajagusa mwamba wenye kitu. "Anaona haya kurudi mikono mitupu," alisema. Mama Nkwimba akajibu, na binti yake akatafsiri kwa mgeni: "Mama anasema nani alimtuma alete kitu? Pamba ikishauzwa atakwenda mwenyewe kumchukua. Anasema mtoto asihame shimo mpaka mama afike." Basi kijiji kizima kikajua: pamba ya mwisho, ile ya shamba la karibu na kichuguu, ndiyo nauli na posho ya kwenda Geita. Nami nikajua, gizani, nimekaa dirishani.

Shehena mbili za kwanza Mama Nkwimba alizileta, nikazikagua, zilikuwa safi, nikasema safi. Sikutetemeka. Kisha asubuhi moja, nikiwa bado chumbani napiga mswaki, nikasikia wanaume wawili ghalani upande wa pili wa ukuta. Mmoja alikuwa karani. "Huyu naye ni kama yule wa kwanza," alisema mwingine. "Sahani inaingia kila jioni. Kuku mzima aliingia." Karani akacheka. "Mimi sijasema kitu. Ila wewe tazama, pamba ya yule mama haijawahi kugusa lundo la fifi." "Na hii ya mwisho je?" "Hiyo ndiyo tutaiona. Wengine nao wanaisubiri waione." Nilibaki na mswaki mdomoni. Nilikuwa sijala hata tonge. Sahani ziliingia watu wakiziona, na zilipotoka hakuna aliyejua zimetoka na nini, maana zilitoka zimefunikwa. Nilijinyima bure. Ningeweza kufungua mlango nikawaambia. Lakini nilikuwa na miaka ishirini, na nilidhani jina jema linaokolewa kwa ukali.

Mama Nkwimba alikuja na shehena hiyo ya tatu, mapema, mzigo kichwani, Nkwimba nyuma yake. Walipoushusha, foleni ikasogea karibu bila aliyeisogeza. Nilifungua shuka. Nikatumbukiza mkono upande mmoja, nikatoa. Nikatumbukiza upande wa pili, nikatoa. Nikaenda chini kabisa mpaka vidole vikagusa kitambaa. Nimekagua pamba misimu kumi na moja baada ya hapo na sijashika nyingine kama ile. Ilikuwa nyeupe, kavu, ndefu ya nyuzi, haina jani wala ganda, kila kifundo kimepitiwa na jicho. Niliitafutia doa. Nasema kweli, nilitafuta doa kama mtu anayetafuta sindano iliyomwangukia, na sikulipata. Nikainua macho nikamwona karani ameweka kalamu chini, amekunja mikono. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Fifi."

Mama Nkwimba alidhani sikusema sawasawa. "Fifi?" akauliza. "Fifi, mama." Akainama, akachukua konzi moja, akaitazama kwenye jua, akairudisha. Alinitazama, na nikaona anaelewa. Hakuona hasira wala kushangaa, alielewa tu, kama mtu mzima anavyomwelewa mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Karani, ambaye sasa sauti yake ilikuwa laini, alimwambia anaweza kuimwaga kule au aende akaichambue upya. "Imeshachambuliwa," alisema Mama Nkwimba. Akafunga shuka, fundo kwa fundo, bila haraka. Nkwimba alisema neno moja la Kisukuma akinielekea, na mama yake akamshika mkono. Wakaubeba mzigo wakarudi nao nyumbani. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Huyu binti hana upendeleo kabisa," na msimu wote uliobaki nilisalimiwa na watu wengi. Niliipata heshima niliyoitaka. Nikaiona haina ladha.

Jioni ile sahani ilikuja. Sikuitegemea, lakini alisimama mlangoni na zile bati mbili. Alisema yale yale, "Kula, mayu," akaondoka. Ilikuwa michembe na maziwa mgando. Usidhani nilikula. Ningekulaje? Kabla ya siku ile sikula kwa sababu ya sheria, na baada yake sikula kwa sababu ya aibu, na sahani haikujua tofauti. Niliirudisha imefunikwa kila asubuhi mpaka msimu ulipofungwa na lori likaja kunichukua. Pamba yake hakuileta tena, si gulioni kwetu wala kwingine. Geita hakwenda mwaka ule. Siku ya kuondoka nilikwenda bomani kuaga, nikamkuta kakaa kwenye mkeka peke yake anatoa mbegu kwenye pamba kwa vidole, moja moja, kazi ya mashine anaifanya kwa mkono. Nilijitayarisha kusema. Nilikuwa nimeuliza Kisukuma cha samahani na nimekikariri tangu alfajiri. Nikasema "mwadila," akaitika, nikasimama, nikasema narudi Shinyanga. Basi.

Basi la abiria siku hizi linapita lami tupu, na nilipokwenda msibani, kutoka Nyahanga, pale Kahama, mpaka kule kijijini sikumaliza hata juzuu niliyokuwa naisoma kimoyomoyo. Ghala la chama limebaki kuta. Nilifika wameshazika; wazee kama mimi huwa tunachelewa hata kwa tunaowapenda. Nkwimba alitoka kunipokea na fimbo, amenyooka kama mama yake, na tukaamkiana kwa majina ya watoto wetu. Akanipeleka kwenye chumba cha marehemu nipumzike. Sikutaka kupumzika. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kwamba pamba ile ilikuwa safi, kwamba nilijua, kwamba niliogopa watu. Nilisema yote kwa mara moja kwa sababu nilijua nikipumua nitasema "mwadila" tu. Nkwimba akanionyesha kitanda nikae.

"Tulijua siku ile ile," alisema. "Nani hapa hajui pamba safi? Hata karani alijua." Nikamwuliza habari za Masanja. Alikaa kitako kwanza, akaweka fimbo sakafuni. "Tulikwenda mwaka uliofuata. Tukaonyeshwa shimo lake. Wenzake walisema aliondoka masika ya mwaka huo, akaelekea wasikokujua. Mama alikaa pale siku mbili, mdomoni mwa shimo, halafu tukarudi. Mpaka juzi alikuwa bado anamwulizia." Hakusema kwamba ni mimi. Hakusema pia kwamba si mimi, na namshukuru, maana ningejua ananidanganya. Nikamwuliza kwa nini basi mama yake aliendelea kuniletea sahani. "Mimi nilimkataza," alisema Nkwimba. "Niligombana naye. Akaniambia mambo ya gulioni yabaki gulioni. Akasema, kule Geita mwanangu naye analetewa sahani na mwanamke gani?"

Alitoka, nikabaki peke yangu na kile kitanda. Mto wake ulikuwa mgumu, umeshonwa kwa kipande cha shuka lililofifia, na kwenye pembe mshono ulikuwa umeachia. Nilijua kabla sijagusa kwamba ndani ni pamba ile ile. Niliingiza vidole viwili, nikatoa kidogo, nikasogea dirishani. Ilikuwa ya manjano. Jasho na mafuta ya kichwa cha miaka yote ile vimeingia mpaka ndani, imekatika nyuzi, na mkaguzi yeyote mwenye akili angeielekeza kwenye lundo la pili bila kuitazama mara mbili. Niliivuta kwa vidole namna nilivyofundishwa. Nkwimba alirudi akanikuta hivyo, naye ameshika sahani mbili za bati, moja imefunika nyingine.

"Safi," nilimwambia.

Alitazama pamba, akanitazama mimi. Aliweka sahani kwenye kigoda, akaninawisha mikono kwa birika, akafunua. Ulikuwa ugali wa mtama na mlenda wa karanga.

"Kula," alisema, "unapoa."

Nikala mpaka bati likaonekana.